Kufika Benki

Tangazo limebandikwa kwenye kioo cha mlango:
Ijumaa ya mwisho ya Novemba, saa tisa, tunafunga.
Thirza Hepple amelisoma mara mbili,
mara ya kwanza kwa miwani, ya pili bila miwani,
labda herufi zitalegeza msimamo.

Kaunta ina binti mmoja, Jodie,
anayemfundisha kugusa simu kwa ncha ya kidole.
"Benki yako sasa imo humu, mfukoni."
Thirza anacheka hadi anakohoa.
Miaka themanini na mmoja
ameliona neno hilo la Kiingereza likihamahama;
mfukoni halijawahi kulala.

Kwa baba, benki ilikuwa juu.
Juu ya shimo la makaa ya mawe, penye mchana.
Wanaume walishushwa gizani ndani ya kizimba cha chuma,
na waliporudi, nyuso nyeusi, meno meupe,
hawakusema tumetoka:
walisema tumefika benki.
Wilf, babake, ndiye aliyesimama kinywani mwa shimo.
Mtu wa benki: ndicho kilikuwa cheo chake.
Akaunti hakuwa nayo.
Alikuwa na kengele, daftari na penseli sikioni,
akiwahesabu wanaoshuka, akiwahesabu wanaopanda.

Kwa mama, benki ilikuwa kazi ya usiku.
Aliuvumbika moto kwa vumbi la makaa lililoloa,
jiko likalala jicho moja wazi,
na alfajiri akalichokoa tu, likaamka limekasirika.
Kitendo hicho nacho, kwao, ni neno lile lile.

Kijana Alf Teasdale, kwenye dansi, alimnong'oneza:
"Niweke benki,"
yaani nitegemee, sitakuangusha.
Jumamosi ile Thirza akamngoja kilimani,
na kilima, kwa watu wa Durham, ni benki pia,
akangoja mpaka mvua ikamhurumia ikaacha.
Alf hakutokea.
Basi hata neno lina siku zake za kusema uongo.

Mwalimu wao, Bi Raine, alichora benchi ubaoni.
Watu wa kale wa kaskazini, alisema,
kila kilichoinuka kidogo kutoka chini
walikiita kwa sauti zinazokaribiana:
ukingo wa mto, tuta, ubao wa kukalia.
Ubao ukasafiri hadi Italia,
wabadilisha fedha wakaufanya meza ya sokoni.
Na aliyefilisika, husemwa, meza yake ilivunjwa hadharani.
Hapo akaivunja chaki, tap!
Watoto wakaruka.

(Nasi tunao, benki na benchi,
ndugu walioingia kwetu kwa milango tofauti,
tukampa kila mmoja chumba chake;
mpaka leo hawajaulizana ukoo.)

Lakini kuna usiku wa Machi ambao Thirza hausimulii Jodie.
Walishuka saba.
Daftari la Wilf likaandika: benki, sita.
Wa saba alikuwa Isaac, mdogo wake wa tumbo moja.
Aliiacha penseli sikioni siku tatu,
akailalia, akailia nayo,
na tangu hapo hakukanyaga jengo lolote lenye jina hilo.
"Benki huhesabu," alisema. "Kurudisha ni jambo jingine."

Ijumaa, saa tisa na dakika kumi.
Wafanyakazi wawili wanabeba nje samani:
viti, tarakilishi, mmea wa plastiki,
na benchi la mbao la wateja,
limelainishwa na makalio ya miaka sitini.
Linaelekea kwenye lori la taka.
"Hilo nipeni mimi," anasema Thirza.
Wanatazamana. Lina uzito, bibi. Tukupelekee wapi?

"Benki," anasema.

Mmoja anageuka kuutazama mlango uliofungwa,
anamtazama tena bibi, kwa huruma,
kama anayetafuta namba ya kumpigia mwanawe.
Thirza ameshatangulia, fimbo mbele,
anashuka kuelekea mtoni.